Kwa nini foleni ya chumba kimoja haipungui

Ukifika asubuhi katika kitengo cha wagonjwa wa nje cha mojawapo ya hospitali za Kaunti ya Kwale, utaona jambo ambalo wahudumu wamelizoea lakini mgeni hulishangaa. Kuna vyumba viwili vya kumwona daktari. Milango yote iko wazi, majina yanaitwa kwa zamu, na dawa zinatoka dirisha moja. Hata hivyo benchi lililo mbele ya chumba kimoja hujaa hadi watu wakasimama, na mtu akiitwa chumba cha pili husikika akijibu kwamba yeye atangoja.

Ofisi ya mawasiliano ya kaunti ilitaka kujua wanangoja nini. Tulizungumza na wagonjwa kadhaa na jamaa zao kwa sharti kwamba majina yao hayataandikwa, kwa sababu habari za ugonjwa wa mtu ni mali yake. Daktari naye aliomba asitajwe. Alisema akitajwa foleni itazidi, na tena kwamba anachofanya si ufundi wake binafsi, bali ni kile ambacho kila mwanafunzi wa udaktari na wa afya ya kliniki hufundishwa mapema kabisa. Kauli hiyo ndiyo iliyotufanya tuandike makala haya. Ikiwa ni jambo linalofundishwa wote, basi mkazi ana haki ya kulijua, kulitarajia na kuliulizia.

Jibu la wagonjwa lilikuwa karibu moja. Hawakusema daktari huyu ana dawa kali zaidi, wala hawakusema ni mpole, ingawa wengine walisema hivyo pia. Walisema anauliza, kisha anangoja ujibu. Halafu anauliza tena.

Mzee mmoja kutoka upande wa Kinango alitueleza kwamba alikuwa amekohoa kwa zaidi ya miezi miwili. Katika muda huo alinunua dawa za malaria dukani mara mbili, na mara ya tatu akapewa dawa za kikohozi. Pwani yetu ina malaria, kwa hiyo mtu akihisi joto na uchovu wazo la kwanza ni hilo, na si wazo baya. Lakini kila alipomaliza dawa kikohozi kilibaki palepale. Alipoingia chumba cha daktari huyu aliambiwa avue shati apimwe kifua. Daktari akaona mshipi wake una tundu jipya, limetobolewa kwa msumari, mbele ya yale matundu ya kiwandani. Akamuuliza alilitoboa lini. Mzee mwenyewe alikuwa hajafikiria kwamba amekonda. Alidhani mshipi umelegea kwa uzee wake, yaani wa mshipi.

Maswali yaliyofuata ni yale tunayopaswa kuyajua sote. Je, usiku unatoka jasho hadi shuka linalowa? Joto linapanda jioni? Hamu ya chakula ikoje? Nyumbani unalala na nani? Makohozi yake yalipelekwa maabara, yakapimwa kwa mashine ya GeneXpert, ambayo hutoa jibu kwa kama saa mbili, na ikaonekana ana kifua kikuu. Matibabu ya kifua kikuu cha kawaida ni ya miezi 6, na dawa zake hutolewa bure katika vituo vya umma. Lakini swali lililokuwa na uzito kuliko yote ni lile la mwisho. Mzee alikuwa akilala chumba kimoja na mjukuu wa miaka 3. Watoto walio chini ya miaka 5 wanaoishi na mgonjwa wa kifua kikuu wamo katika hatari kubwa ya kuugua vibaya, kwa hiyo huchunguzwa, na wakikutwa hawana ugonjwa hupewa dawa za kuuzuia. Mtoto aliletwa wiki iyo hiyo. Hakuna aliyekuwa amelalamika kwamba mtoto ni mgonjwa.

Mama mwingine hakuja hospitalini kwa ajili yake hata kidogo. Alikuja na mtoto wa siku 8 ambaye kitovu chake kilikuwa kinatoa majimaji. Kitovu kikasafishwa, mama akaonyeshwa namna ya kukitunza, na shughuli ingeishia hapo. Daktari akamgeukia, akamuuliza yeye mwenyewe anaendeleaje. Akajibu vizuri, kama sisi sote tunavyojibu. Daktari akauliza tena, safari hii kwa vipande: kichwa je? Macho je? Viatu ulivyovaa kabla ya kujifungua vinaingia? Hapo ndipo akasema kichwa kimemuuma siku 2 mfululizo na amekuwa akikifunga kwa leso, na kwamba akitazama mbali anaona kama ukungu. Alipopimwa, presha yake ilikuwa imepita 160 kwa 110.

Wengi wanajua kwamba presha inaweza kumpanda mwanamke akiwa mjamzito. Walio wachache ndio wanaojua kwamba hatari hiyo haimalizwi na kujifungua. Inaweza kuja baada ya mtoto kuzaliwa, hasa katika siku za mwanzo, na hata kufikia wiki 6. Isipogunduliwa huweza kuleta kifafa cha mimba, yaani degedege linaloweza kumuua mama aliyetoka kujifungua salama na kurudi nyumbani watu wakimpongeza. Mama huyu alilazwa siku hiyo, akapewa dawa ya kushusha presha pamoja na sindano ya magnesiamu salfeti ya kuzuia degedege. Alipokuwa akitusimulia, mtoto alikuwa amepita miezi 4.

Tunaomba kila nyumba yenye mzazi ikumbuke dalili hizi: kichwa kinachouma sana na hakisikii dawa, kuona ukungu au vimulimuli, maumivu ya juu ya tumbo chini ya mbavu, uso na mikono kuvimba, kupumua kwa shida. Mojawapo ikitokea kabla au baada ya kujifungua, usingoje siku ya kliniki. Mwambie mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako au nenda kituoni moja kwa moja, hata kama ni usiku.

Kisa cha tatu ni cha baba mmoja anayefanya kazi ya ulinzi Ukunda, na kina kichekesho ndani yake. Alianza kuvimba miguu. Majirani walikuwa na maelezo yao, mengine ya figo na mengine ambayo hatutayaandika hapa. Daktari alimwambia arudi kesho na dawa zote zilizo nyumbani, hata zile asizozitumia, hata za mkewe. Baba akaja na mfuko wa karatasi. Ndani mlikuwa na pakiti mbili zenye majina tofauti na rangi tofauti, moja ya kliniki na nyingine ya duka la dawa, na zote mbili zilikuwa amlodipini. Alikuwa akimeza dawa ileile maradufu kila siku, akiamini moja ni ya presha na nyingine ni ya moyo. Miguu kuvimba ni mojawapo ya athari zinazojulikana za dawa hiyo, hasa kipimo kinapokuwa kikubwa. Daktari alipima mkojo na damu kuhakikisha figo ni salama, akamwachia pakiti moja, na baada ya wiki chache viatu vya kazi vikaingia.

Kila pakiti ya dawa ina jina la biashara lililoandikwa kwa herufi kubwa, na jina halisi la dawa kwa herufi ndogo chini yake. Jina la kusoma ni lile dogo. Ukishindwa kulisoma, mwombe aliyekuuzia akusomee na akuandikie.

Sasa kuhusu hicho kinachofundishwa. Daktari ana njia tatu za kujua unaumwa nini: kusikiliza historia yako, kukuchunguza kwa macho na mikono, na vipimo vya maabara au picha. Wagonjwa wengi huamini ya tatu ndiyo yenye nguvu, na mtu akirudi nyumbani bila kupimwa damu huona amedhulumiwa. Mwaka 1975 madaktari nchini Uingereza walifuatilia wagonjwa wapya 80 wa kliniki ya nje ili kuona ni hatua gani ilifichua ugonjwa. Kwa wagonjwa 66 kati ya hao 80, ugonjwa uliokisiwa kutokana na historia pekee ndio uliothibitika mwishowe. Mashine zimeongezeka tangu wakati huo, lakini mashine haijui ipime nini mpaka mtu aamue. Makohozi ya yule mzee yasingefika kwenye GeneXpert kama hakuna aliyeuliza habari za mshipi.

Tatizo ni kwamba kusikiliza kunahitaji muda, na muda ndio unaokatwa kwanza. Utafiti mwingine, wa Marekani wa mwaka 1984, ulionyesha kwamba kwa wastani madaktari walimkatiza mgonjwa baada ya sekunde 18 tu tangu aanze kueleza shida yake. Na mwaka 2017 watafiti walikusanya takwimu za nchi 67 kuhusu muda ambao mgonjwa hupata na daktari wa kawaida. Bangladesh ilikuwa sekunde 48, Sweden dakika 22 na nusu, na katika nchi 18 zenye karibu nusu ya watu wote duniani, muda ulikuwa dakika 5 au chini yake. Kwa hiyo si tatizo la Kwale pekee wala la Kenya pekee. Hilo halimpi nafuu aliyeamka saa kumi alfajiri kuwahi matatu.

Kwetu kuna jambo la ziada, nalo ni lugha. Mkazi akisema ana kifua, anaweza kumaanisha kikohozi, pumu, maumivu ya kifuani au kifua kikuu. Akisema ana homa, huenda ni joto la mwili, mafua au malaria. Anayesema moyo unamwuma anaweza kuwa anaonyesha chembe ya moyo, ambako mara nyingi ni tumbo, au anaweza kuwa amefiwa. Na tumbo la chini ni neno la heshima linalofunika mambo mengi ambayo mtu hawezi kuyataja mbele ya mgeni aliye na umri wa mwanawe. Ongeza kwamba bibi wa Kiduruma au wa Kidigo husimulia vizuri zaidi kwa lugha yake, na kwamba madaktari wengi walioajiriwa hapa walizaliwa kwingine. Daktari tunayemwandika hakuzaliwa pwani. Wagonjwa walituambia kwamba asipoelewa neno husema wazi hakuelewa, humwomba mgonjwa aonyeshe kwa kidole, au humwita muuguzi mwenyeji. Ni jambo dogo, lakini anayejifanya ameelewa huandika kitu kingine kwenye kitabu.

Tabia nyingine iliyotajwa na karibu kila tuliyezungumza naye ni kwamba kabla hujatoka, daktari huyu hukuomba umweleze utakavyotumia dawa. Mwanzoni watu hudhani ni mtihani. Kumbe anajipima yeye, kama ameeleza ikaeleweka. Mama mmoja wa Msambweni alisema ni hapo tu alipogundua kwamba alikuwa akimeza vidonge vya presha siku kichwa kinapouma, na siku nyingine akivihifadhi visiishe. Presha iliyopanda mara nyingi haiumi kabisa. Vidonge humezwa kila siku, kichwa kiume kisiume.

Si kila mtu aliyesifu. Kijana mmoja aliyekuwa wa 23 kwenye foleni alisema wazi kwamba uangalifu wa daktari unalipwa na walio nyuma, na kwamba yeye alikosa kibarua cha siku nzima kwa sababu wa 9 alikaa ndani dakika 25. Ana hoja, na ofisi hii haitaifunika kwa maneno matamu. Hospitali ikiwa na mtu mmoja tu anayesikiliza, usikivu wake hugeuka kuwa kero. Dawa yake ni vyumba vyote viwe na usikivu huo, na mambo yasiyohitaji daktari yamalizwe kabla ya kufika kwake: presha, joto na uzani vipimwe mezani kwa muuguzi na kuandikwa kwa usahihi, na anayekuja kuongezewa dawa tu asipange foleni moja na anayekohoa damu.

Wakazi nao wana sehemu yao. Magonjwa mengi hayahitaji hospitali kubwa. Zahanati ni kituo cha ngazi ya 2 na kituo cha afya ni ngazi ya 3. Tangu Oktoba 2024, SHA ilipochukua nafasi ya NHIF, aliyejisajili hutibiwa katika ngazi hizo bila kutoa pesa mfukoni, kwa kuwa gharama hubebwa na Hazina ya Huduma ya Afya ya Msingi. Kujisajili ni lazima, hata kama bado hujaanza kulipa mchango wa hospitali kubwa. Huko zahanati utakayemkuta ni muuguzi au afisa wa kliniki, na watu humwita daktari vilevile. Asiwe sababu ya kuruka kituo cha jirani. Anafundishwa kusikiliza na kuchunguza, na anajua lini akuandikie barua ya rufaa. Tena huko foleni ni fupi, na foleni fupi ndiyo dakika zako.

Unaweza pia kuzifanya dakika zako chache zitoshe. Nenda na kitabu chako cha kliniki hata kama kimechakaa, na dawa zote ndani ya mfuko, zikiwemo za miti shamba. Hakuna haja ya kuzificha, kwani baadhi hugongana na za hospitali. Kabla hujafika, fikiria ni lini ulianza kuumwa, na tumia matukio kama tarehe zimekupotea: kabla ya Ramadhani, baada ya mavuno ya mahindi, shule zilipofungwa. Anza na lile linalokutia hofu zaidi. Wengi hulitunza hadi wanashika kitasa cha mlango, na hapo anayefuata ameshaitwa. Kama ni presha inayopimwa, keti dakika 5 kwanza, mgongo umeegemea na mkono umewekwa juu ya meza, usizungumze. Ukipimwa umetoka kupanda kilima, namba itakayoandikwa ni ya kilima. Mgonjwa mzee aje na mtu anayeishi naye. Msindikizaji asiyejua babu alikula nini jana hasaidii.

Na unapoambiwa jambo usilolielewa, uliza. Kufanya hivyo si utovu wa adabu, ni sheria. Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa, na kinasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mhudumu akueleze hali ya afya yako, njia za matibabu zilizopo, faida na hatari zake, na akueleze kwa lugha unayoielewa kadiri inavyowezekana. Hati ya Haki za Wagonjwa ya mwaka 2013 inakuruhusu kutafuta maoni ya daktari mwingine. Sheria hiyo hiyo ya 2017 inakutaka wewe nawe umheshimu mhudumu. Tuliona muuguzi akitukanwa kwa sababu mashine ya presha ilikuwa imeisha betri. Matusi hayaichaji.

Kama hukuridhika, mtu wa kwanza kumwona ni msimamizi wa kituo, siku hiyo hiyo, kabla ya kuondoka. Yeye anaweza kuagiza uonwe tena, jambo ambalo ofisi yoyote ya mbali haiwezi. Usiposikizwa, andika kwa idara ya afya ya kaunti ukitaja tarehe, saa, chumba na kilichotokea, na kubaki na nakala. Malalamiko kuhusu mwenendo wa daktari hupokewa pia na baraza linalosimamia madaktari na madaktari wa meno, KMPDC. Maafisa wa kliniki na wauguzi wana mabaraza yao. Ukitendewa vizuri, andika vilevile, kwa tarehe na kwa chumba. Barua za aina hiyo ni chache mno, na bila barua msimamizi hana namna ya kujua ni nini hasa kinachofanyika katika chumba ambacho foleni yake haipungui.